Tiba ya Kifua Kikuu Ilivyofupishwa

Katika hospitali ya Kibong'oto, iliyofunguliwa mwaka 1926 kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mgonjwa wa kifua kikuu wa zama zile hakuwa na tiba ya kutegemea ila mapumziko ya muda mrefu, chakula cha kutosha na hewa safi ya mlimani.

Dawa ya kwanza yenye nguvu, streptomaisini, iligunduliwa Marekani mwaka 1943, nayo ilipofika Uingereza baada ya vita ilikuwa adimu mno, hata mtaalamu wa takwimu Austin Bradford Hill akaona kwamba, maadamu haiwatoshi wote, insafu ni kuwagawa wagonjwa kwa kura iliyofichwa ndani ya bahasha, ili tabibu asimpendelee yeyote na matokeo yasiingie shaka. Wagonjwa walikuwa 107. Baada ya miezi 6, katika 55 waliodungwa sindano walikuwa wamekufa 4, na katika 52 waliopumzishwa kitandani tu, 14. Furaha ile haikudumu: ilipotimia miaka 5, tafauti baina ya makundi hayo ilikuwa ndogo, kwa kuwa vijidudu vilikwisha kuizoea dawa iliyotumiwa peke yake, na ndipo matabibu walipoyakini ya kuwa maradhi haya hayashindwi ila kwa dawa kadha wa kadha kwa pamoja.

Walakini dawa hizo zilitaka kutumiwa mwaka na nusu, na hapo ndipo ilipokuwa taabu kubwa ya Afrika Mashariki. Kwani mkulima aliyeona kikohozi kimekoma, na mwili umerudi, na shamba linamngoja, na nauli ya kwenda hospitali hana, aliviacha vidonge katikati, maradhi yakamrudia. Wako waliomlaumu. Mimi simlaumu, kwa maana tiba isiyochukuana na maisha ya mtu ina upungufu wake yenyewe.

Mwaka 1970 matabibu wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, wakishirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, ambako Wallace Fox na Denny Mitchison walikuwa vinara wa kazi hiyo, walithubutu kujaribu miezi 6. Makundi manne yalipewa streptomaisini na isoniazidi kila siku. Moja halikuongezewa kitu, na yale matatu yaliongezewa, hili thiasetazoni, hili pirazinamidi, hili rifampisini. Kundi la dawa mbili tupu lilirudiwa na maradhi kwa kadiri ya wagonjwa 29 katika 100. La thiasetazoni 22. La pirazinamidi 8. Na la rifampisini 3 tu, sawasawa na waliotibiwa miezi 18. Ikadhihirika kwamba rifampisini na pirazinamidi huviua hata vile vijidudu vilivyojilaza, ambavyo dawa nyingine huviacha vikaamka baadaye. Juu ya msingi huo ulimwengu ukajenga tiba ya miezi 6, na ni haki wagonjwa wetu wale, ambao majina yao hatuyajui, watajwe kila fadhila hiyo inapotajwa.

Thiasetazoni, kwa urahisi wa bei yake, iliendelea kutumiwa, mpaka ukimwi ulipoingia. Na mwaka 1991 watafiti wa Nairobi wakatoa habari kwamba wagonjwa wenye virusi vya ukimwi walibabuka ngozi vibaya kwa dawa hiyo, wengine hata kufa, kupita sana wasio navyo. Shirika la Afya Duniani likashauri wasipewe tena, na ethambutoli ikashika mahali pake.