Mnara wa Taa wa Chumbe

Kisiwa cha Chumbe kiko kusini-magharibi ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, umbali wa kilomita 12 hivi. Ni kipande cha jiwe la matumbawe chenye hekta 22 hivi, hakina kisima wala chemchemi, na mvua ndiyo maji yake pekee. Thamani yake ilikuwa ni mahali kilipo. Vyombo vinavyotoka kusini kwenda bandari ya Zanzibar hupita karibu nacho, na upande huo bahari ina mafungu na miamba inayojificha maji yanapojaa. Mwaka 1902 Great Northern, meli ya Kiingereza ya kutandaza nyaya za telegrafu chini ya bahari, ilipanda mwamba wa Fawatu, kusini mwa mji, ikazama.

Mji wenyewe ulikuwa umewahi kuwa na mnara mbele ya Beit el-Ajaib, jumba lililojengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883. Mnara huo uliharibiwa tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Uingereza zilipolipiga makombora kasri la Sultani katika vita ambavyo havikufika hata saa moja. Haukusimamishwa tena pale ulipokuwa. Badala yake mnara wa saa uliungwa kwenye uso wa Beit el-Ajaib.

Mnara wa Chumbe ulijengwa na Waingereza mwaka 1904, miaka 14 baada ya Zanzibar kuwekwa chini ya himaya yao. Sultani Ali bin Hamud alikuwa bado kijana, na mambo ya serikali yakiendeshwa na Mwingereza, A. S. Rogers. Anayepanda hadi juu hukanyaga ngazi 131. Chini yake kulijengwa nyumba ya mtunza taa na msikiti mdogo wa mtindo wa Kihindi, ambao ni nadra Unguja, kwani misikiti mingi ya zamani ya kisiwa hicho haina madoido.

Kutunza taa ilikuwa kazi ya kukesha. Taa za mafuta za zama hizo zilitaka mtu wa kuziwasha magharibi, kuzichunga usiku kucha na kusafisha vioo asubuhi. Usiku mmoja wa uzembe ungeweza kuipoteza meli. Mambo yalibadilika mwaka 1926, Chumbe ilipowekewa taa ya gesi ya kampuni ya AGA ya Sweden. Mitambo ya AGA ilitumia gesi ya asetilini iliyohifadhiwa kwenye mitungi, ikatoa mwanga wa kuwaka na kuzima kwa vipindi. Mvumbuzi wake, Gustaf Dalén, alibuni pia vali ya jua: kijiti cheusi ndani yake hupata joto mchana, hurefuka na kufunga gesi, kisha hupoa usiku na kuifungua. Dalén alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1912, mwaka uleule alipopofuka kwa mlipuko wakati wa majaribio yake. Taa za namna hiyo zingeweza kukaa miezi mingi bila kuguswa na mtu.

Hapo ndipo majengo ya Chumbe yalipoachana njia. Mnara uliendelea kuhitajiwa na meli, na kwa hiyo ukaendelea kutunzwa. Nyumba haikuhitajiwa na yeyote baada ya watunza taa kuondoka, na jengo la chokaa na mawe lisilo na mkaaji halidumu katika hewa ya chumvi: paa huanza, kuta hufuata. Ikabaki gofu katikati ya kichaka. Miamba ya upande wa magharibi, kwa upande wake, ilinufaika na upweke huo. Uvuvi ulizuiwa kwa sababu ya njia ya meli na kambi ya jeshi iliyokuwa ng'ambo, hivyo matumbawe yakasalimika kuliko kwingine kwingi karibu na mji.

Ni hayo matumbawe, na si mnara, yaliyoleta ukarabati. Mapema miaka ya 1990 Mjerumani Sibylle Riedmiller alianzisha mradi wa kuyahifadhi, na mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar ikatangaza hifadhi na kukabidhi usimamizi kwa kampuni ya Chumbe Island Coral Park. Waliokuwa wavuvi wa vijiji vya jirani wakafunzwa kuwa walinzi wa miamba. Gofu la nyumba ya mtunza taa lilijengwa upya na kuwa kituo cha wageni. Haikuwa nia kuirudisha nyumba ilivyokuwa mwaka 1904, na pengine ndiyo maana kazi ilifanikiwa: jengo lilipewa shughuli mpya, likapata watu wa kulifagia na kuliziba linapovuja. Zikaongezwa nyumba saba za wageni zinazovuna maji ya mvua na kutumia umeme wa jua. Msituni wakapelekwa paa nunga, ambao wanazidi kuadimika Unguja.

Mwaka 2000 mradi huo ulipewa tuzo ya Global 500 ya shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira. Mnara wa Beit el-Ajaib, ambao ulirithi ule uliovunjwa na makombora, uliporomoka pamoja na sehemu kubwa ya jumba hilo tarehe 25 Desemba 2020, wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wawili wakafariki. Wa Chumbe ungali umesimama, na mapato ya wageni wanaoupanda husaidia kugharimia safari za masomo za wanafunzi wa Zanzibar kisiwani humo.