Majina ya Kuona: Habari za Macho na Tiba ya Leza katika Rufiji na Kibiti

Historia ya tiba huandikwa mara nyingi kwa kufuata vyombo na waganga: nani alivumbua nini, na mwaka gani. Yaweza pia kuandikwa kwa kufuata maneno, kwa kuwa tiba haimfikii mgonjwa mpaka ipate jina analolielewa. Makala haya yanafuata njia hiyo ya pili. Yanaeleza jinsi Kiswahili kilivyoyataja macho na kasoro zake, jinsi upasuaji wa macho kwa leza ulivyozaliwa ng'ambo, na jambo linalotokea maneno ya pande hizo mbili yanapokutana katika nchi ya mto Rufiji.

1. Nchi inayotaka macho mazuri

Delta ya Rufiji ina mikoko ipatayo hekta 53,000, nayo ni msitu wa mikoko mkubwa kuliko yote ya Afrika Mashariki iliyo mahali pamoja. Mto hugawanyika huko kuwa mikono mingi, na mingine, kama Simba Uranga na Kikunya, ilijulikana na mabaharia tangu zamani. Sehemu kubwa ya delta imo sasa katika Wilaya ya Kibiti, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Rufiji katika miaka ya 2010.

Kazi za nchi hiyo hudai macho ya aina mbili. Nahodha na mvuvi hutazama mbali, wapate kuujua mkondo wenye kina na kuupambanua na ule utakaowakwamisha maji yakipwa. Mkulima wa mpunga akaaye katika dungu hutazama mbali vilevile, kwa ajili ya ndege na nguruwe. Lakini mshona nyavu, na mwanamke asukaye mkeka wa ukindu, na mtoto asomaye msahafu chuoni, hao hutazama karibu. Basi kasoro ya jicho haina uzito mmoja kwa watu wote. Ile inayomwondolea nahodha kazi yake yaweza isimsumbue msusi hata kidogo.

Ugumu wa kuona katika delta umeingia hata katika historia ya vita. Manowari ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza huko Unguja tarehe 20 Septemba 1914, ilikwenda kujificha ndani ya Rufiji. Mikoko iliifunika hata darubini za meli zilizokuwa baharini hazikufaa kitu. Ilibidi watu wapande ndege na kuitafuta kutoka angani. Tarehe 11 Julai 1915 mizinga ya meli za Severn na Mersey iliongozwa na macho ya marubani, na Königsberg ikaishia mtoni humo.

2. Maneno ya asili na maneno yaliyopokewa

Neno jicho, ambalo Wamvita hulitamka jito, ni la Kibantu tangu asili, na ndugu zake wapo katika lugha nyingi kuanzia pwani hata Kongo. Kadhalika Kiswahili kina msamiati wake mkubwa wa viungo na kasoro: mboni, kope, tongo, chongo, makengeza, upofu. Sifa moja ya maneno hayo ni kwamba yote yataja kitu ambacho mtu mwingine aweza kukiona. Chongo huonekana na mpita njia. Makengeza hali kadhalika.

Mtoto wa jicho ni jina la kupendeza zaidi. Kilatini kiliiita mboni kwa neno lenye maana ya msichana mdogo, na Kigiriki kilifanya vivyo, kwa sababu ya kile kisanamu cha mtu kinachoonekana mtu akimtazama mwenzake machoni. Kiswahili kimempa mtoto huyo mahali pengine: ni weupe unaotanda nyuma ya mboni na kuziba njia ya nuru. Jina hili nalo lataja kinachoonekana kwa nje. Ndiyo sababu wahudumu wa afya hawapati taabu kulitumia, na mgonjwa hulijua kabla ya kufika hospitali.

Vyombo vya kusaidia macho vilikuja kwa njia ya bahari, na majina yake mengine yakaja navyo. Darubini ni neno la Kiajemi: dur ni mbali, na bin ni kuona. Wataalamu wa istilahi walipotaka jina la chombo cha kukuza vijidudu waliligeuza neno hilo na kupata hadubini. Mandhari nalo latokana na shina la Kiarabu la kutazama, shina lile lile lililo katika jina la kitabu kikuu cha elimu ya kuona, Kitab al-Manazir, alichokiandika Ibn al-Haytham mwanzoni mwa karne ya 11. Na miwani imeenea hata hakuna anayeiona kuwa kitu kigeni.

Lakini zipo kasoro zisizoonekana kwa nje. Jicho la mtu asiyesoma maandishi ya ubaoni ni zuri, jeupe, halina tongo wala ukungu. Kwa kasoro hizo Kiswahili cha zamani hakikuwa na majina. Kilikuwa na sentensi tu: fulani haoni vizuri. Majina yalipohitajika, yalitafsiriwa kutoka lugha za Ulaya, na hapo ndipo matatizo yalipoanza.

3. Uoni mbali na uoni karibu

Nuru iingiapo jichoni hupindwa kwanza na konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, kisha na lenzi, ili ikutane juu ya retina. Jicho likiwa refu mno, au konea ikiwa na mbinuko mkubwa mno, nuru hukutana kabla ya kufika retina. Mtu huyo huona vya karibu, na vya mbali humpotea. Jicho likiwa fupi mno, nuru hukutana nyuma ya retina, na vya karibu ndivyo humtaabisha. Ipo na kasoro ya tatu: konea isiyo na mbinuko ulio sawa pande zote, ambayo hulivuta umbo la kila kitu. Ya nne ni ya umri. Mtu afikapo miaka 40 hivi, lenzi huanza kukakamaa, naye huusogeza msahafu au ukindu mbali na uso apate kuona.

Waingereza waliita kasoro ya kwanza kwa kile ambacho jicho bado laweza kukifanya, yaani kuona kwa ufupi, na ya pili wakaiita kuona kwa urefu. Tafsiri ya moja kwa moja ikazaa uoni karibu na uoni mbali, istilahi zinazopatikana katika mafunzo ya sayansi. Msemaji wa kawaida hafuati mantiki hiyo. Yeye hutaja kile kinachokosekana: sioni mbali, sioni karibu. Basi mhudumu akisema, "Una tatizo la kuona mbali," maneno hayo yana maana mbili zinazopingana. Aliyesoma istilahi husikia kwamba macho yaona mbali na kasoro ni ya karibu. Asiyeisoma husikia kwamba macho hayaoni mbali. Wote wawili wanaweza kuitikia kwa kichwa na kuagana bila kujua kwamba hawakuelewana.

Tena kuna jambo la adabu ya lugha. Kumwambia mtu kwamba aona mbali ni kumsifu kwa busara. Ni neno la kumstahi mzee wa shauri au kiongozi. Kuligeuza kuwa jina la ugonjwa ni kuliweka neno mahali ambapo masikio ya watu hayalikubali.

4. Jinsi leza ilivyofika jichoni

Wazo la kusahihisha kuona kwa kuibadili konea lilitangulia leza. José Barraquer, mganga wa macho wa Bogotá, alilieleza mwaka 1949, mwaka ule ule ambao Harold Ridley wa London alitia jichoni lenzi ya kwanza ya kutengenezwa kwa mgonjwa wa mtoto wa jicho. Katika miaka ya 1970 Svyatoslav Fyodorov wa Moscow alieneza upasuaji wa kuichanja konea kwa kisu, michanjo ikienda kama miali ya jua. Leza yenyewe iliwashwa kwa mara ya kwanza na Theodore Maiman mwaka 1960 huko Marekani. Mwaka 1983 Stephen Trokel na wenzake walionyesha kwamba leza ya aina ya eksaima, ambayo nuru yake haionekani kwa macho, yaweza kuondoa tabaka nyembamba mno za konea bila ya kuunguza sehemu za jirani.

Kutoka hapo zimepatikana njia tatu kubwa. Katika ya kwanza, iitwayo PRK, ngozi nyembamba ya juu ya konea huondolewa, leza huchonga konea, na ngozi huota tena yenyewe. Maumivu huwapo kwa siku kadhaa na kuona hurudi polepole. Serikali ya Marekani iliidhinisha njia hii mwaka 1995. Katika ya pili, LASIK, ambayo Ioannis Pallikaris wa Krete ni mmoja wa waanzilishi wake, hukatwa kifuniko chembamba cha konea, kikainuliwa, leza ikafanya kazi chini yake, kisha kikarudishwa. Mgonjwa huona vizuri upesi, mara nyingi siku ya pili, lakini pigo kubwa la jicho laweza kukisogeza kifuniko hicho hata baada ya muda mrefu. Ya tatu, SMILE, ilianza kujulikana mwanzoni mwa miaka ya 2010. Leza hukata kipande kidogo ndani ya konea, nacho hutolewa kwa tundu dogo bila kuinua kifuniko.

Tofauti hizo si za mapambo. Mkata boriti ambaye matawi humpiga usoni, au mvuvi ambaye kamba humruka, ana sababu ya kuuliza habari za kifuniko ambayo karani hana. Zipo na sharti zinazowahusu wote: umri wa miaka 18 au zaidi, miwani ambayo nguvu yake haijabadilika kwa mwaka mmoja au zaidi, konea nene ya kutosha isiyo na ugonjwa. Ukavu wa macho na mng'aro wa taa usiku ni madhara yanayojulikana. Na leza ikishaichonga konea, kilichoondolewa hakirudi.

5. Jina la chombo

Neno leza ni la kigeni kabisa. Katika Kiingereza lilifanywa kwa kuunganisha herufi za mwanzo za maneno. Wapenda lugha wangetamani neno la asili. Lakini kila neno lililo karibu limekwisha kuchukuliwa. Watu wengine husema mionzi. Ila tiba ya mionzi, kwa mkazi wa Pwani, ni tiba ya saratani katika hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, na atakayeambiwa kwamba macho yake yatapigwa mionzi ataogopa bure. Mwanga nalo lina pacha wake mbaya: mwanga, wingi wake wanga, ni mchawi wa usiku, na tiba ya mwanga ni maneno yatakayochekwa katika kijiji chochote cha pwani. Nuru ni neno tukufu lenye harufu ya dini. Kwa hiyo leza, kwa kuwa halina maana nyingine, halimdanganyi mtu. Hapa neno la mkopo ni salama kuliko la nyumbani.

6. Jina la kasoro

Kwa majina ya kasoro hukumu ni kinyume. Upasuaji wa macho kwa leza hufanywa katika hospitali binafsi za miji mikubwa kama Nairobi na Dar es Salaam. Mtu wa Kibiti yuko zaidi ya kilomita 100 kutoka Dar es Salaam kwa barabara ya lami. Wa delta hana budi kupanda chombo kwanza hadi Nyamisati. Waliokaa kusini ya mto walivushwa kwa pantoni huko Ndundu mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Safari si moja, maana baada ya upasuaji jicho huangaliwa tena na tena. Mtu atakayeuza mazao yake kwa ajili ya safari hiyo anastahili kujua kwanza kama kasoro yake ni ile inayotibiwa huko.

Na wengi kasoro yao siyo. Mzee mwenye mtoto wa jicho ahitaji lenzi mpya, wala leza ya kuchonga konea haitamfaa. Msusi wa miaka 50 asiyeona ukindu ana macho ya umri. Leza haiwezi kulainisha lenzi yake iliyokakamaa, na miwani ya kusomea itamrudisha kazini siku hiyo hiyo. Utafiti uliofanywa Kongwa na kuchapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu wa miaka 40 na zaidi walikuwa na kasoro hiyo, na wengi wao hawakuwa na miwani. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2019, lilikadiria kwamba watu wasiopungua bilioni 1 duniani wana upungufu wa kuona ambao ungaliweza kuzuiwa au bado haujashughulikiwa. Sehemu kubwa ya upungufu huo ni wa miwani tu.

Yafaa basi istilahi zifuate sentensi ya msemaji: upungufu wa kuona mbali, upungufu wa kuona karibu, konea isiyo sawa, macho ya umri. Majina hayo ni marefu kidogo, lakini mgonjwa aweza kuyapima kwa maisha yake mwenyewe. Akiambiwa ana upungufu wa kuona mbali, naye kila siku huona mashua ingali mbali na kushindwa kutunga sindano, atasema hapana, nanyi pimeni tena. Chombo cha mganga chaweza kubaki na jina la kigeni, kwa kuwa mganga ndiye akitumiaye. Upungufu ni wa mgonjwa, na jina lake lazima liwe lile ambalo mgonjwa aweza kulikataa.