Elimu Iliyokosa Kazi: Mafunzo ya Shinobi kati ya Maandishi na Mapokeo

Neno ninja likitajwa leo, wengi huona akilini mtu aliyevaa nguo nyeusi na kujifunika uso, akiparamia ukuta wa ngome usiku. Sura hiyo ni ya michoro, majukwaa na sinema kuliko ya vita. Hata neno lenyewe lilienea katika karne ya 20. Kabla ya hapo jina la kawaida lilikuwa shinobi. Herufi yake huundwa kwa alama ya makali ya upanga iliyowekwa juu ya alama ya moyo, na maana yake ni kujificha na pia kustahimili. Elimu ya watu hawa ilijengwa juu ya maana hizo mbili.

Chimbuko lake mashuhuri ni Iga na Koga, nchi mbili jirani zenye milima, ambazo leo zimo katika mikoa ya Mie na Shiga. Katika zama za vita vya ndani vya Japani, koo ndogo za huko zilijitawala bila mkuu mmoja aliyezitiisha zote, na baadhi ya watu wake walikodishwa na watawala wa mbali kwa kazi za upelelezi na hujuma. Mwaka 1579 jeshi la Oda Nobukatsu liliivamia Iga likashindwa. Miaka miwili baadaye baba yake, Oda Nobunaga, alituma jeshi kubwa zaidi lililoiangamiza. Nobunaga alipouawa mwaka 1582, Tokugawa Ieyasu alipita Iga akikimbilia kwao, akisaidiwa na wenyeji. Baadaye watu wa Iga wakapewa kazi ya ulinzi katika ngome yake ya Edo. Watu wa Koga nao walitumiwa katika mzingiro wa ngome ya Hara, wakati wa uasi wa Shimabara wa 1637 na 1638. Kisha ikaja amani ndefu, na elimu ya vita ikakosa kazi.

Ni katika amani hiyo ndipo vitabu viliandikwa. *Bansenshukai*, mkusanyo wa juzuu 22 unaohusishwa na Fujibayashi wa Iga, una tarehe ya 1676; *Shoninki*, wa ukoo wa kijeshi wa Natori, una tarehe ya 1681. Waandishi hawa walikuwa wakiokoa elimu ambayo wazee waliokuwa nayo walikuwa wakiondoka duniani mmoja baada ya mwingine.

Anayevifungua vitabu hivyo akitafuta mbinu za kupigana hupata kidogo mno. *Bansenshukai* hutanguliza unyofu wa moyo: uaminifu na haki ndivyo vinavyomtenga shinobi na mwizi, kwa maana ujuzi wao ni mmoja. Kisha hugawanya kazi katika njia mbili: kuingia kwa adui waziwazi kwa kujifanya mtu mwingine, na kuingia kwa siri gizani. Hufuata elimu ya majira na hali ya hewa, vifaa vya kupandia na kufungulia, na michanganyiko ya moto na baruti. *Shoninki* hutaja sura saba za kujigeuza, zikiwemo za mtawa, mfanyabiashara na mcheza maonyesho. Ya saba ni ya mtu wa kawaida kabisa. Mafunzo hayo yalidai kumbukumbu, subira na ufahamu wa tabia za watu kuliko nguvu za mikono.

Mwaka 1789 watu wa Koga, wakiwa wamebanwa na ufukara, waliwasilisha nakala ya *Bansenshukai* kwa serikali ya Edo wakiomba msaada. Kitabu cha siri kikageuka hati ya kuthibitisha kwamba wenyewe bado walistahili kuajiriwa.

Haja hiyo ya kujithibitisha haikuisha. Katika karne ya 20 Hatsumi Masaaki, mwanafunzi wa Takamatsu Toshitsugu aliyefariki mwaka 1972, aliwafundisha wageni wengi kutoka nchi za mbali katika mji wa Noda, mkoani Chiba. Kiini cha mafunzo hayo ni mwendo wa mwili: kuanguka, kukwepa, kukabana na kutumia silaha. Nasaba ya Togakure, ambayo ni mojawapo ya zile alizojinasibisha nazo, hudai kurudi nyuma hadi karne ya 12. Watafiti wengi hawakubali kwamba silsila hiyo imethibitika. Shaka hiyo haifuti ujuzi wa mwalimu wala faida ya mwanafunzi. Ila ustadi wa leo si ushahidi wa jana, na mwanafunzi aliyesafiri mbali kuitafuta historia ana haki ya kujua ni kipi anachopewa.

Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Mie kilianzisha kituo cha utafiti wa ninja, na mwaka uliofuata kikafungua masomo ya uzamili. Huko miswada hupimwa kama miswada mingine: nani aliandika, lini, na kwa haja gani. Swali la tatu ndilo zito zaidi, kwa sababu karibu kila kinachojulikana kuhusu mafunzo ya shinobi kiliandikwa na watu ambao tayari walikuwa wanayapoteza. Walichokichagua kukihifadhi kwanza, kabla ya ngazi, kamba na baruti, ni unyofu wa moyo. Warithi wa elimu hiyo, wa chuoni na wa uwanja wa mazoezi, wanaweza kupimwa kwa kipimo hichohicho.