Mimba ya Pili na Uchaguzi wa Mkunga Afrika Mashariki

Katika Afrika Mashariki, mimba ya pili ndiyo ambayo tangu zamani imemrudisha mwanamke, au ukoo wake, kwenye swali la nani amzalishe. Mimba ya kwanza ilikuwa na njia yake iliyokwisha kuchorwa. Katika mwambao wa Waswahili, na katika jamii nyingi za bara, mwanamke mwenye mimba ya kwanza alirudi kwao miezi ya mwisho, akajifungua chini ya macho ya mama yake mzazi. Mkunga alikuwa yule aliyezoeleka katika nyumba hiyo, na mara nyingine ndiye aliyempokea mwenyewe siku alipozaliwa. Mimba ya pili ilimkuta kwa mumewe, na hapo sauti zikawa nyingi: mama mkwe alikuwa na mkunga wake, mawifi walikuwa na wao, naye mjamzito alikuwa na kumbukumbu ya uchungu wa kwanza, nzuri au mbaya.

Kumbukumbu hiyo ndiyo iliyokuwa na uzito. Mkunga wa jadi aliitwa kwa sababu ya udugu, ujirani na sifa, na malipo yake yalikuwa kanga, sabuni, kuku au fedha kidogo. Kumwacha hadharani ni kumvunjia heshima mtu ambaye familia ingekutana naye kisimani, msibani na arusini. Kwa hiyo kuhamia ukweni kulimpa mwanamke nafasi ya kubadili bila ugomvi: hakuna aliyeweza kusema kwamba mkunga wa kwanza amekataliwa, ilhali mzazi mwenyewe alijua kwa nini hakuomba aletwe. Desturi ilikuwa na busara kuliko inavyosemwa leo.

Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa na Carl Velten huko Göttingen mwaka 1903, alizipa mimba na uzazi nafasi katika maelezo yake, na ilistahili. Kazi ya mkunga ilianza kabla ya uchungu na ikaendelea baada yake. Alipapasa tumbo kujua mtoto amelalaje, akakata kitovu, akahakikisha kondo la nyuma limetoka na kuzikwa. Kisha zilifuata siku arobaini za kumkanda mzazi kwa maji ya moto, kumfukiza na kumlisha uji wa pilipili manga. Uangalizi huu wa arobaini haukupata mfano wake katika wodi za baadaye, ambako mzazi aliruhusiwa kurudi nyumbani baada ya saa chache au siku moja. Lakini mkunga huyo huyo hakuwa na dawa ya damu isiyokatika, wala njia ya kumtoa mtoto aliyelala mkingamo. Hapo ndipo wanawake walipokufa.

Hospitali za kwanza hazikujengwa kwa ajili ya wanawake hao. Hospitali ya Ocean Road, iliyofunguliwa na Wajerumani Dar es Salaam mwaka 1897, ilikuwa ya Wazungu, na ubaguzi wa rangi uliendelea katika wodi chini ya Waingereza. Huduma ya uzazi kwa Waafrika ilibebwa zaidi na misheni. Mengo, karibu na Kampala, Albert Cook wa Church Missionary Society alianzisha hospitali mwaka 1897, na mkewe Katharine akawa mstari wa mbele katika kuwafundisha ukunga wasichana wa Kiganda, katika shule iliyoshika mizizi mwanzoni mwa miaka ya 1920. Nairobi, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1926 kwa jina la Lady Grigg, mke wa gavana wa Kenya, ilifungua nyumba ya wazazi ambayo baadaye ikawa Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, mojawapo ya hospitali kubwa kabisa za wazazi katika eneo hili.

Mwanzoni wajawazito hawakuja kwa hiari. Waliletwa uchungu ukiwa umekwama siku mbili au tatu, wengine wakiwa wamebebwa kwenye machela, na waliofia humo waliifanya hospitali ionekane mahali pa kufia. Hata hivyo, waliopona walirudi nyumbani na habari nyingine. Mwanamke aliyenusurika hospitalini katika uzazi wa kwanza alikuwa na sababu ya kwenda mapema katika wa pili, na ushuhuda wake kwa dada na majirani ulizidi nguvu mahubiri yoyote. Wodi za misheni zilijaa polepole, na kwa sehemu kubwa zilijazwa na wanawake wa namna hii.

Baada ya uhuru, masafa yalipungua. Tanzania, kufuatia Azimio la Arusha la 1967, ilijenga zahanati vijijini. Operesheni Vijiji ilisogeza watu karibu na huduma, mara nyingi kwa kuwalazimisha, na kutoka katikati ya miaka ya 1970 kliniki ya mama na mtoto ikawa sehemu ya maisha ya kawaida. Kenya nayo ilipata zahanati nyingi kwa nguvu ya harambee. Kadi ya kliniki ikaanza kuamua mambo ambayo zamani yaliamuliwa na mama mkwe.

Kadi hiyo ilikuja na fundisho lililoathiri mimba ya pili kuliko jambo lingine lolote la zama hizo. Wajawazito waligawanywa kwa vidokezo vya hatari: mwenye mimba ya kwanza, mfupi wa kimo, aliyewahi kupasuliwa, mwenye mimba ya tano na kuendelea. Hao waliambiwa waende hospitali. Mwenye mimba ya pili ambaye wa kwanza alizaliwa salama hakuwa na alama yoyote kwenye kadi, na ujumbe alioondoka nao ulikuwa kwamba yeye hana shida. Wengi walirudi kwa mkunga wa jadi, ambaye alikuwa jirani, hakuwa na foleni na hakufoka. Hata baada ya fundisho lenyewe kuachwa, takwimu za Tanzania na Kenya zimeonyesha mara kwa mara kwamba uzazi wa kwanza ndio unaofanyika zaidi hospitalini, na kiwango hushuka kadiri uzazi unavyoongezeka.

Fundisho hilo lilikuwa na kasoro kubwa. Damu nyingi baada ya kujifungua humpata hata mwanamke asiye na alama yoyote, na inaweza kumwua ndani ya saa mbili. Serikali na mashirika yaliendelea kuwafundisha wakunga wa jadi na kuwapa mikoba ya vifaa, hata baada ya mkutano wa kimataifa wa uzazi salama uliofanyika Nairobi Februari 1987. Ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1990, wataalamu walikubali kwamba mafunzo hayo peke yake hayapunguzi vifo. Shirika la Afya Duniani likaanza kutangaza mfumo mpya wa kliniki mwanzoni mwa miaka ya 2000: kila mimba ihesabiwe kuwa inaweza kupata matatizo, ya pili kama ya kwanza. Mkunga wa jadi akageuzwa msindikizaji, na baadhi ya halmashauri Tanzania zikatunga sheria ndogo za kuwatoza faini wanaozalia nyumbani.

Faini haikugusa sababu iliyowafanya wanawake waliokwisha kujifungulia kituoni wasitake kurudi. Mwaka 2007 Kenya ilipata ripoti nzito ya mawakili wanawake wa FIDA na wenzao kuhusu matusi, vipigo na kuzuiliwa kwa wazazi walioshindwa kulipa. Kisha ulikuja utafiti wa Staha, katika wilaya za Korogwe na Muheza mkoani Tanga, ambao matokeo yake yaliyochapishwa mwaka 2014 yanapaswa kujulikana na kila mganga mkuu. Wanawake waliohojiwa wakitoka wodini, asilimia 19 walisema walitendewa bila heshima. Walipoulizwa tena wakiwa majumbani wiki chache baadaye, waliosema hivyo walifika asilimia 28. Mwanamke huamua juu ya mimba ya pili akiwa nyumbani kwake, na aliyoyameza kimya mlangoni pa wodi huwa yamekwisha kupata jina.

Si wote wanaokimbilia nyumbani. Utafiti wa Kasulu, mkoani Kigoma, uliochapishwa mwaka 2009, uliwakuta wanawake wengi wakiipita zahanati iliyo karibu na kwenda kujifungulia mbali zaidi, hospitalini, wakitafuta wahudumu na vifaa wanavyoviamini. Hawa walikuwa maskini wa kijijini, na nauli waliitoa mfukoni. Anayesema kwamba kuchagua pa kujifungulia ni anasa ya wenye bima hajawatazama wanawake hawa.

Fedha zilifungua mlango zaidi upande wa Kenya. Tarehe 1 Juni 2013 huduma ya kujifungua ilifanywa bure katika vituo vya serikali, na miaka michache baadaye mpango wa Linda Mama, kupitia bima ya taifa, ukaruhusu hospitali za dini na baadhi za binafsi kulipwa. Kwa mara ya kwanza mama asiye na kipato aliyechukizwa na wodi moja aliweza kwenda nyingine bila kuuza mbuzi. Mwaka 2024 bima hiyo ilibadilishwa na mfumo mpya, na ikabidi watu wajisajili upya.

Vituo vimejaa. Tanzania, uzazi wa vituoni ulipanda kutoka asilimia 47 katika takwimu za 2004–05 hadi 81 mwaka 2022. Kenya ulipanda kutoka 43 katika takwimu za 2008–09 hadi 82 mwaka 2022. Swali la mimba ya pili sasa ni la kituo gani, na kinacholiamua zaidi na zaidi ni kovu. Waliojifungua kwa upasuaji Tanzania walikuwa takriban asilimia 6 mwaka 2015–16 na 11 mwaka 2022. Kenya walifikia 17. Mwenye kovu akipata uchungu, mfuko wa uzazi unaweza kuchanika. Kwa hiyo, awe anapanga kupasuliwa tena au kujaribu kusukuma, anahitaji chumba cha upasuaji na damu ya kuongezewa. Zahanati haina. Ndiyo maana madaktari wasaidizi, ambao Tanzania ilianza kuwafundisha mwaka 1963, na vituo vya afya vilivyopandishwa hadhi baada ya 2017 ili vipasue, vimepanua uchaguzi vijijini kuliko hospitali kubwa za mijini.

Anayehama kituo hukutana na tatizo la kumbukumbu. Mkunga wa zamani alibeba historia ya uzazi kichwani, na mama wa mjamzito aliikumbuka pia. Siku hizi faili hubaki hospitali ya kwanza, na kadi mpya huandikwa tu kwamba mama alipasuliwa, bila kueleza kwa nini wala mkato ulikuwa wa namna gani, mambo ambayo daktari wa pili anahitaji kuyajua kuliko yote. Kenya ilianza kutumia kijitabu kimoja cha mama na mtoto mnamo 2010. Tanzania imekuwa ikitumia kadi namba 4 kwa mjamzito na namba 1 kwa mtoto, na mama anayehama hulazimika kuomba mwenyewe karatasi ya ruhusa ya uzazi wa kwanza na kuitunza hadi mimba nyingine.