Maziwa, Futi na Mizani: Karagwe na Historia ya Unene

Tarehe 25 Novemba 1861 msafara wa Mwingereza John Hanning Speke, aliyekuwa akitafuta chanzo cha mto Nile, uliwasili Bweranyange, makao ya Mukama, yaani mfalme, Rumanyika wa Karagwe, kaskazini magharibi mwa Tanzania ya leo. Mukama aliwapokea wageni kwa Kiswahili kizuri, kwani lugha hiyo ilikwisha kupanda huko pamoja na wafanyabiashara wa pembe za ndovu na nguo. Baadaye Speke akaenda kumwamkia kaka mkubwa wa mfalme. Alimkuta ameketi na mkewe, mama mnene kiasi cha kushindwa kuinuka. Mgeni alipotaka kujua sababu, mwenyeji alimwonyesha vyombo vya maziwa: wanawake wa nyumba ya kifalme hunyweshwa maziwa tangu wakiwa wadogo, kwa kuwa heshima ya ikulu ni wake wanene.

Siku nyingine alikwenda kwa mke wa ndugu mwingine wa mfalme, safari hii na futi mkononi. Walipatana kwanza: mama akubali kupimwa, na mgeni naye akunje nguo amwonyeshe mikono na miguu yake myeupe. Kwa vipimo vya leo, mkono wa mama ulizunguka sentimita 58, kifua 132, paja 79, shavu la mguu 51. Kilichosumbua ni urefu. Walimwinua kwa taabu kubwa, Speke akapata kama sentimita 173, na papo hapo mama akaporomoka, amezimia. Kando yake aliketi binti yake wa miaka 16, chombo cha maziwa mdomoni, na baba ameshika fimbo kuhakikisha anaendelea kunywa.

Fimbo hiyo watu wengi huipita haraka. Wapo wanaokisimulia kisa hiki kwa kicheko, na wapo wanaokisimulia kwa fahari, wakikitoa kama ushahidi kwamba zamani mwanamke wa Kiafrika alipendwa jinsi alivyo. Sikubaliani na wote wawili. Binti anayenyweshwa chini ya fimbo hapendwi jinsi alivyo, anatengenezwa.

Alitengenezwa kwa ajili ya nini? Ng'ombe wa pembe ndefu wa Karagwe na Ankole anapendeza macho, lakini hatoi maziwa mengi. Mwanamke mmoja kunywa maziwa kutwa kulitaka ng'ombe wengi, wachungaji wa kuwachunga na kuwakamua, na watu wengine wa kulima, kuteka maji na kutafuta kuni. Wanawake wa Wanyambo wakulima waliinama shambani tangu alfajiri. Unene wa ikulu hawakuwa na njia ya kuupata, hata kama waliutamani. Mke asiyeweza kusimama alionyesha kila aliyeingia mlangoni kwamba nyumba ile haihitaji kazi ya mikono yake. Uzuri wake ulikuwa hesabu ya mali ya mumewe, imeandikwa mwilini mwake.

Karagwe haikuwa peke yake. Mmisionari John Roscoe, katika kitabu chake cha mwaka 1923 kuhusu Wanyankole, alieleza jinsi wasichana wa wafugaji wa Ankole walivyozuiwa kukimbia na kucheza, wakanyweshwa maziwa hadi wakanenepa kwa ajili ya ndoa. Waefik wa Calabar, Nigeria, walikuwa na chumba maalumu cha kumnenepeshea mwali. Mauritania wasichana walilazimishwa maziwa ya ngamia na uji wa nafaka. Kote huko unene wa mwanamke ulikwenda sambamba na ndoa na cheo cha ukoo.

Na desturi ya Karagwe ilisimama juu ya ng'ombe. Sotoka ilipoingia Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 na kufyeka mifugo, msingi wake ulibomoka.

Kitabu cha Speke kilitoka mwaka 1863. Wasomaji wa Uingereza wakapata sentimita zote za mama yule, au tuseme inchi zake. Jina lake hawakulipata, wala yeye mwenyewe alivyouona mwili wake. Tunajua alitaka kuiona mikono na miguu ya Speke. Alichofikiri baada ya kuiona hakuna aliyekiandika. Mambo kama hayo yaliwapata wanawake wengine wa Afrika kabla yake. Sarah Baartman alichukuliwa kutoka Cape Town mwaka 1810, makalio yake yakaonyeshwa kwa tiketi London kisha Paris. Alipofariki mwaka 1815, mwanasayansi Georges Cuvier aliupasua mwili wake, na mabaki yake hayakuzikwa kwao Afrika Kusini hadi mwaka 2002. Francis Galton naye, akisafiri katika nchi ambayo sasa ni Namibia miaka ya 1850, alimpima mwanamke wa Kikhoikhoi kutoka mbali kwa chombo cha kupimia nyota, bila kumwomba ruhusa, kisha akajisifia jambo hilo kitabuni. Speke angalau aliomba.

Mwaka huohuo wa 1863, London, kijitabu kingine kilikuwa kikisomwa sana. Mwandishi wake, William Banting, alikuwa msimamizi wa mazishi mwenye wateja wakubwa, familia ya kifalme ikiwemo. Alikuwa mfupi, sentimita 165 tu, na uzito wake ulikaribia kilo 92. Hakuweza kuinama kufunga kamba za viatu, na ngazi alizishuka kinyumenyume ili kuyalinda magoti. Mbaya zaidi kwake ilikuwa kejeli za watu barabarani na kwenye mabasi ya farasi. Daktari William Harvey alimkataza mkate, sukari, bia, viazi na maziwa. Katika mwaka mmoja alipungua zaidi ya kilo 20, akaandika habari zake na kuzichapisha kwa fedha yake mwenyewe. Jina lake likaingia katika lugha ya Kiingereza kuwa na maana ya kujinyima chakula ili kupunguza mwili.

Vitabu hivyo viwili vikiwekwa pamoja vinaeleza mengi. Bweranyange maziwa yalikuwa adimu kwa maskini, kwa hiyo kunenepa kulikuwa cheo. London ya viwanda sukari na mkate vilishuka bei hadi mikononi mwa kibarua, na kunenepa kukaacha kuwa dalili ya utajiri. Cheo kikahamia kwa yule anayeweza kujizuia. Ukubwa wa mwili unaosifiwa na watu hufuata kile ambacho wachache wanacho. Ndivyo ninavyoisoma historia hii, na sijakutana na mfano mkubwa unaoipinga.

Hesabu inayotumika leo hospitalini ilizaliwa katika karne hiyohiyo. Mbelgiji Adolphe Quetelet, mtaalamu wa nyota na takwimu, alikuwa akimtafuta binadamu wa wastani. Miaka ya 1830 alionyesha kwamba uzito wa watu wazima hukua kwa kadiri ya urefu uliozidishwa kwa wenyewe. Hakukusudia kumwambia mtu yeyote kwamba yu mgonjwa au mzima. Kazi hiyo ilifanywa baadaye na makampuni ya bima ya Marekani, hasa Metropolitan Life, ambayo miaka ya 1942 na 1943 ilitoa majedwali ya uzito unaofaa kutokana na kumbukumbu za wateja wake. Mwaka 1972 Ancel Keys na wenzake walikifufua kipimo cha Quetelet na kukipa jina tunalolijua leo, BMI. Walitumia vipimo vya wanaume zaidi ya 7,000 kutoka nchi tano. Wanawake hawakuwemo hata mmoja. Hata hivyo mama anayepanda mizani kliniki ya Kayanga au Bukoba leo hupimwa kwa kanuni hiyo, pamoja na mipaka ya 25 na 30 iliyokuja kuwekwa na Shirika la Afya Duniani.

Sisemi kipimo hicho hakina faida. Kisukari na presha vinaua, na mafuta ya tumboni yana mchango wake. Ninachosema ni kwamba kipimo cha daktari kimetoka chumba cha daktari kikaingia mtaani, na mtaani kinatumika kumtukana mtu.

Pwani ilikuwa na mizani nyingine. Katika miji ya Uswahilini mwali aliyewekwa ndani alilishwa vizuri na kupumzishwa hadi anawiri, lakini kungwi alishughulika na mengi zaidi ya unene: singo na liwa kwa ngozi, udi na asumini kwa harufu, mwendo, namna ya kukaa na namna ya kunena. Kilo hazikuwa na nafasi kubwa humo. Cheo kilikuwa nayo. Mwanamke wa nyumba kubwa alikaa kivulini, na mtumwa akachomwa na jua shambani au kisimani. Ngozi na umbo vikawa ushahidi wa nani ni nani.

Ndiyo maana habari za Siti binti Saad zina uzito katika historia hii. Alizaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880, katika nyumba maskini. Alipoanza kusifika mjini kwa sauti yake, wapinzani walimtungia wimbo wa kumdhihaki kwa asili yake, kaniki zake na sura yake. Naye alijibu kwa wimbo kwamba sura si hoja, kasoro ya mtu ni kukosa akili. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki kufanya hivyo, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Katika habari zote nilizozitaja hapa, yeye ndiye mwanamke anayesikika akijieleza kwa sauti yake kuhusu umbo ambalo wengine walilihukumu. Alihitaji santuri na umaarufu ili asikike.

Baadaye unene na wembamba vilibadilishana nafasi kwa namna nyingine, tena jirani kabisa na Karagwe. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera. Upande wa pili wa mpaka, Rakai, wananchi waliuita ugonjwa huo Slim, na mwaka 1985 madaktari wa Uganda na wenzao waliuandikia makala katika jarida la Lancet kwa jina hilohilo. Mwaka huohuo wataalamu waliokutana Bangui waliweka kupungua zaidi ya asilimia 10 ya uzito kuwa miongoni mwa dalili kuu za kumtambua mgonjwa pale pasipo na vipimo vya damu.

Kuanzia hapo kukonda kulibeba hukumu. Aliyekonda kwa kifua kikuu, kwa kisukari au kwa mawazo ya kufiwa alitazamwa kwa jicho lilelile. Watu walinong'ona, uchumba ukaahirishwa, na salamu ya "mbona umepungua?" ikawa swali zito. Dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure nchini mwaka 2004, watu walinyanyuka vitandani na kunawiri tena. Lakini mojawapo ya dawa za mwanzo, stavudini, iliacha alama yake kwa baadhi ya walioitumia muda mrefu: mashavu yalibonyea, miguu na mikono ikakonda, tumbo likajaa. Mtu alikuwa amepona kitandani, na umbo bado linamtangaza. Shirika la Afya Duniani lilishauri iachwe mwaka 2009.

Nadhani hatujaupa wakati ule nafasi yake tunapozungumzia kwa nini bado tunamsifu aliyenenepa. Hofu ile ina miaka arobaini tu, na waliouguza ndugu zao bado wako hai.

Leo mambo yamechanganyika. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Kariakoo duka moja humuuzia mteja dawa ya kuongeza makalio na, kwenye rafu ya chini yake, chai ya kukata tumbo. Msichana anatakiwa kiuno kipungue na nyonga ziongezeke, mwili mmoja, mwezi mmoja. Mama anasifiwa harusini kwamba amependeza, amejaa. Wiki inayofuata kliniki inamwambia apunguze kilo 15. Nyumbani mume naye ana kitambi ambacho hakuna anayemuuliza. Mwanamume mnene huonekana ana pesa, na mwanamke mnene hudaiwa maelezo. Huo si uungwana, na haufai kuitwa utamaduni wetu.

Kwa hiyo nina ombi kwa wasomaji wa jarida hili, hasa walimu wa historia, watunzaji wa makumbusho na vijana wenye simu za kurekodia huko Karagwe, Kyerwa, Missenyi na ng'ambo ya mpaka, Ankole. Wapo bibi waliozaliwa kabla ya mwaka 1945 ambao walisikia kwa mama zao na nyanya zao habari za maziwa na vyombo vyake. Waendeeni. Msiwaulize tu walikula nini na waliolewaje. Waulizeni waliuonaje mwili wao, nani aliwaambia wazuri, nani aliwadhihaki, na walijibu nini. Wakiridhia, andikeni na majina yao.