Kinoo cha wembe

Kinoo cha wembe (wingi: vinoo vya wembe) ni jiwe la kunolea wembe wa kukunja, yaani ule wenye mpini ambao hunolewa upya badala ya kutupwa. Chembe zake ni ndogo kuliko za kinoo cha panga, tena za ukubwa mmoja. Chembe moja kubwa hutosha kumegua makali, na wembe uliomegeka huchana ngozi.

Kwa hiyo si kila jiwe gumu linafaa. Miamba ya itale, iliyo mingi katika uwanda wa kati wa Tanzania, ina chembe kubwa zinazoonekana kwa macho. Hutosha kwa jembe tu. Haneti, kata ya Wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, inajulikana kwa krisopresi, jiwe la kijani lenye chembe ndogo mno, lakini hilo huuzwa kama kito.

Vinoo vya dukani hupimwa kwa namba: kadiri inavyokuwa kubwa, ndivyo jiwe linavyokuwa laini. Wembe huanzishwa kwa 1000 na kumaliziwa kwa 8000 au zaidi. Jiwe la bei rahisi lenye pande mbili na lisilo na namba ni la kisu, hata muuzaji aseme nini. Uso wa kinoo uwe bapa: rula ikisimamishwa juu yake, mwanga usipenye chini. Jiwe lililobonyea husawazishwa kwa msasa uliotandazwa juu ya kioo.

Baada ya kinoo hufuata ukanda wa ngozi, usio na mikunjo wala vumbi.

Kunoa hakuui virusi. Wembe wa kinyozi usiotakaswa huweza kuambukiza homa ya ini aina ya B.