Kipande cha Alumini

Katika mtoto wa meza ninayoandikia kuna kipande cha alumini chenye unene wa sentimita mbili na nusu. Kina matundu mawili makubwa katikati, na manne madogo pembeni ya kupitishia boliti. Wajukuu wangu hukiweka machoni wakakifanya miwani. Mafundi wa gereji walikiita spesa. Nilikinunua mwaka 1994 katika duka moja la vipuri mjini Nairobi, kwa fedha ambazo mwalimu wa sekondari hakupaswa kuzitumia kwa jambo kama hilo. Muuzaji aliniambia kwamba kikifungwa kati ya kabureta na manifoldi, gari litapata nguvu mpya. Nami nikaamini. Nataka kusimulia jinsi nilivyoamini na yaliyonifika, lakini siwezi kufanya hivyo kabla ya kusimulia habari ya pumzi ya injini.

Tumezoea kusema kwamba gari linakula petroli. Ni kweli, lakini chakula chake kikubwa ni hewa. Tangu Nikolaus Otto alipofaulu kutengeneza injini yake ya mipigo minne huko Ujerumani mwaka 1876, kazi ya injini ya petroli imekuwa ni ile ile: kuvuta, kubana, kuwasha na kutoa. Kila gramu moja ya petroli huhitaji takriban gramu 15 za hewa ili iungue vizuri. Pijo yangu aina ya 504 ilikuwa na injini ya ujazo wa karibu lita mbili. Ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, na kama silinda zake zingejaa sawasawa, ingemeza karibu lita 4,000 za hewa katika dakika hiyo moja. Kumwaga petroli nyingi ni kazi rahisi. Kazi ngumu ni kuifanya injini ivute hewa ya kutosha.

Kabureta ilizaliwa kutokana na haja hiyo. Daniel Bernoulli alikwisha kueleza mwaka 1738 kwamba kitu kitiririkacho kikienda kasi, shinikizo lake hupungua. Giovanni Battista Venturi, Mwitalia, akaandika mwaka 1797 juu ya mirija yenye kiuno chembamba. Wilhelm Maybach aliyaweka mawazo ya namna hiyo katika chuma mwaka 1893, alipotengeneza kabureta ya kunyunyiza: hewa hupita kwa kasi penye wembamba, nayo hufyonza petroli kutoka katika kitundu kidogo. Kwa miaka karibu mia moja baada ya hapo, magari mengi ya petroli duniani yalipumua kwa njia hiyo.

Sasa, sisi tunaoishi nyanda za juu tuna tatizo ambalo wenzetu wa Mombasa hawalijui. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na Limuru hupita mita 2,200. Hewa ya huku ni nyepesi. Injini inayofanya kazi kwa nguvu zake zote Mombasa hupoteza karibu sehemu moja ya sita ya nguvu hizo ikifika Nairobi, na karibu sehemu moja ya tano ikifika Limuru. Nilikuwa nikiupanda mlima wa kutoka Mai Mahiu, katika ile barabara iliyochongwa na wafungwa wa kivita wa Kiitalia wakati wa Vita Kuu ya Pili, nikiwa katika gia ya pili huku malori yakinikaribia kwa nyuma. Nilidhani gari langu limezeeka. Kumbe, kwa sehemu kubwa, lilikuwa likitweta kama mtu wa pwani aliyepelekwa milimani.

Spesa yenyewe haikubuniwa kwa ajili yetu. Asili yake ni ya namna mbili. Ya kwanza ni ya viwanda vya magari vyenyewe, ambavyo vilitia kipande cha bakelaiti chini ya kabureta ili joto la injini lisipande na kuichemsha petroli. Bakelaiti ilibuniwa na Leo Baekeland mwaka 1907, nayo haipitishi joto kwa urahisi. Hiyo ilikuwa kazi ya akili, na haikuahidi mwujiza wowote.

Ya pili ni ya vijana wa California waliokuwa wakishindana kwa kasi katika maziwa yaliyokauka, kama Muroc, katika miaka ya 1930. Chama chao cha Southern California Timing Association kilianzishwa mwaka 1937. Mwaka uliofuata Vic Edelbrock alitengeneza manifoldi yake mwenyewe kwa ajili ya injini ya Ford V8, kwa sababu alitambua kwamba ile ya kiwandani iliibana pumzi ya injini. Katika ufundi wa namna hiyo spesa ilipata nafasi yake. Chumba cha hewa chini ya kabureta kikiongezwa, injini kubwa inayozunguka kwa kasi sana yaweza kupata farasi kadhaa za ziada. Lakini mara nyingi faida hiyo ya juu hulipiwa chini: injini inapozunguka polepole huwa nzito kidogo. Kijana wa Muroc hakujali hilo. Alikuwa na uwanda mbele yake, wala hakuwa na abiria.

Haya yote sikuyajua mwaka 1994. Nilimpelekea fundi wangu kipande kile, mzee aliyekuwa na gereji chini ya mti. Akakigeuza mkononi, akasema tu, "Haya, Mwalimu, tutaweka." Akafungua kabureta, akaisafisha, akaondoa gasketi ya zamani, akafunga spesa na gasketi mbili mpya. Siku iliyofuata nilipanda mlima wa Mai Mahiu kwa gia ya tatu. Nilipiga kelele peke yangu ndani ya gari.

Laiti ningalinyamaza hapo. Nilimwambia shemeji yangu, mume wa dada yangu, ambaye naye alikuwa na 504, ile ndefu iliyobeba abiria saba kati ya Nairobi na Nakuru. Kwake yeye gia ya tatu mlimani ilikuwa na maana ya safari moja zaidi kwa siku, na safari hiyo ilikuwa karo ya watoto. Akanunua spesa. Mzee hakuwapo wiki ile, basi kazi akapewa kijana wa gereji nyingine. Mimi nilikuwapo, nimesimama kando kama msimamizi. Kijana alisema, "Mwalimu, kabureta imepanda juu. Mkono wa eksileta haufiki vizuri. Utakuja kukwama." Nikamwambia aukunje kidogo. Akasita, akanitazama, kisha akaukunja.

Siku ya tisa, shemeji akiteremka kuelekea Mai Mahiu na gari lililojaa, alikanyaga mafuta ili apite lori, na eksileta haikurudi. Gari liliendelea kuvuta mteremkoni. Alizima injini, akalisugua gari kwenye ukuta wa mlima hadi likasimama. Upande wa pili wa barabara kuna bonde, na kila aliyepita pale anajua urefu wake. Hakuna aliyekufa. Mama mmoja alivunjika mkono.

Shemeji alimshika kijana yule. Alikataa kumlipa, akamtangaza kwa madereva wote wa kituo kwamba ni fundi wa kuua watu. Kijana alisema kwamba aliambiwa na Mwalimu. Nilikuwa nimesimama pale pale. Sikukanusha, wala sikukubali. Nilitazama chini, na watu wakauchukua ukimya wangu kuwa ni heshima ya mtu mzima asiyetaka kubishana na mtoto. Kabla ya mwezi kwisha, kijana aliondoka gereji ile.

Ni mzee aliyenifumbua macho. Nilipomweleza yaliyotokea, aliingia ndani akatoka na gasketi aliyoiondoa kwenye gari langu. Ilikuwa imepasuka upande mmoja, na ufa wenyewe umeingia weusi. "Gari lako lilikuwa likivuta hewa ya wizi, Mwalimu," akasema, "hewa isiyopitia kabureta. Nguvu ulizozipata ni zako za zamani." Tukaitoa spesa, tukairudisha kabureta mahali pake kwa gasketi mpya. Nilipanda Mai Mahiu mara tatu. Mara zote tatu gari lilipanda kwa gia ya tatu, kama siku ile nilipopiga kelele.

Tangu hapo nimekuwa nikifuatilia habari za vipande hivi vya kuwekwa kooni mwa injini. Nimeona kwamba wenye mashindano makubwa huvitumia pia kupunguza nguvu. Katika mashindano ya NASCAR ya Marekani, sahani yenye matundu madogo ilitumika chini ya kabureta mara ya kwanza mwaka 1970, na ikarudishwa mwaka 1988 katika viwanja vya Daytona na Talladega, baada ya gari la Bobby Allison kuruka na kurarua uzio wa watazamaji mwaka 1987. Mwaka 1995 timu ya Toyota ya mbio za dunia za magari ilikamatwa huko Hispania na kifaa kilichofichwa kwa ustadi mkubwa, kilichoruhusu hewa kupita kando ya kizuizi cha milimita 34 kilichowekwa na sheria. Wakafungiwa miezi 12. Milimita chache za hewa zilitosha kuwaaibisha wakubwa wa dunia.

Na sisi, ambao Safari Rally ilipita katika vumbi letu, tulikuwa na somo mlangoni. Mwaka 1963 na tena mwaka 1968, kati ya magari zaidi ya themanini yaliyoondoka, saba tu yalimaliza. Mshindi wa miaka yote miwili alikuwa Nick Nowicki katika Peugeot 404, gari ambalo halikusifiwa kwa kasi. Joginder Singh alishinda mwaka 1965 kwa Volvo iliyokwisha kutumika. Magari hayo yalipendwa na wazee wetu kwa sababu yalifika.

Siku hizi magari hayana kabureta, lakini spesa bado zinauzwa. Wauzaji husema zinachanganya petroli na hewa vizuri zaidi. Katika injini nyingi za sindano petroli hunyunyizwa karibu kabisa na vali, mbele ya kipande hicho, kwa hiyo kinachopita ndani yake ni hewa tupu. Nimewaeleza vijana wawili watatu. Mmoja alinijibu kwamba yeye amesikia tofauti mwenyewe, barabarani. Sikumcheka.

Nilimtafuta yule fundi kijana. Waliniambia amekwenda upande wa Kisumu, wengine wakasema Uganda. Shemeji nilimwambia ukweli mwaka 2001, tukiwa tumeketi nje ya nyumba yake. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza, "Kijana aliitwa nani?" Nilipojaribu kumjibu, nikagundua kwamba sikuwahi kumwuliza jina lake.